Kutunza kidimbwi kilichobaki baada ya kukata mboji kinamasini

Agandi, ndugu zangu! Leo tuko bondeni, Kabale, Uganda, kwenye kidimbwi kilichobaki pale watu walipokata mboji ya kinamasi. Kuchimba kipya siyo kazi ya leo. Katiba ya 1995 imeweka vinamasi mikononi mwa serikali kwa dhamana ya raia wote, na ruhusa unaanza kuiuliza kwa ofisa wa mazingira wa wilaya. Sisi tunatunza hiki kilichopo.

Mboji yenyewe ni udongo huu, tazama kiganjani mwangu. Mweusi, laini, na nikiupasua hivi unaona nyuzi za mafunjo. Ni majani ya zamani sana yaliyozama yakashindwa kuoza kwa kukosa hewa. Ndiyo yanayoyapa maji rangi ya chai, basi usidhani ni uchafu. Ila udongo huu ukikauka unaoza, bonde linadidimia, na ukishika moto unafuka chini kwa chini siku nyingi.

Kwa hiyo tunaanza na maji, majani baadaye. Twende kwenye mfereji wa kutokea. Ninauziba kwa vigingi na viroba vya udongo, naacha upenyo juu kwa ajili ya maji ya mvua. Basi.

Sasa ukingo. Wachimbaji waliuacha wima kama ukuta. Ndama akitumbukia hapa hatoki. Kwa jembe, laza upande mmoja uwe mteremko, maji yaishie kwenye kifundo cha mguu. Chura anapenda kutaga hapo. Vaa gambuti, pima tope kwa mti mrefu kabla hujakanyaga, na usije peke yako.

Haya, mafunjo. Ukiyaacha kabisa, mizizi yake inaelea na kutandaa juu ya maji mpaka kidimbwi kinafunga. Lakini usiyamalize! Mwaka juzi nilisafisha chote kwa siku moja. Tope likavurugika, maji yakanuka mayai viza, na msimu mzima sikuona kerengende hata mmoja. Iliniuma. Siku hizi nakata theluthi moja kwa mwaka, mwezi wa Julai, kiangazi. Kagua kwanza kama kuna kiota cha ngaali, korongo wetu wa kwenye bendera. Ukikiona, ondoka upande huo.

Samaki hapa siweki. Kambare angeishi, maana huvuta hewa juu ya maji, lakini angewala watoto wa chura wote.

Sogea uone kwenye mzizi huu. Miguu sita, macho makubwa, mabawa bado. Huyu ni mtoto wa kerengende, na chakula chake ni viluwiluwi vya mbu. Wako wengi humu ndani ya majani, ndiyo maana mashada haya ya mafunjo tuliyokata tunayalaza ukingoni siku mbili, watambae warudi majini wenyewe. Yasikae zaidi, yataoza na mbolea yake itarudi kidimbwini. Kesho kutwa tunayabeba kwenda kutandaza chini ya migomba.