Sufuria ya Mkwe: Nguruwe katika Torati, Injili na Kurani

(Mhadhara uliotolewa Upanga, Dar es Salaam, mbele ya vijana wa misikiti na makanisa, ukaandikwa kama ulivyosemwa)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, na vijana salamu zenu nimezipokea.

Nianze na sufuria. Bibi yangu mzaa mama, kule Mbozi, alikuwa na sufuria moja aliyoifunga kwenye kitambaa pamoja na mwiko wake, sahani mbili na kisu, akaviweka vyote ndani ya kapu na kuvining'iniza kwenye kenchi, juu ya moshi wa jiko. Nyumba ile ilifuga nguruwe. Walifungwa kamba mguuni nyuma ya jiko, wakila pumba na maganda ya viazi. Baba yangu ni mtu wa Kilwa, Mwislamu, aliyefika kule na kazi ya reli ya TAZARA, akampata mama. Kila alipokwenda ukweni, kapu lilishushwa. Vyombo vilisuguliwa kwa majivu hata kama havikuguswa tangu safari iliyopita. Jogoo alikamatwa, akaletwa akiwa hai, baba akapewa kisu achinje mwenyewe. Bibi hakujua kusoma. Sikumbuki hata siku moja aliyouliza kwa nini nguruwe ni haramu. Alijua mkwe wake hali, basi.

Nimefundisha somo la dini kwa miaka mingi, na hilo ambalo bibi hakuliuliza ndilo ninaloulizwa kuliko yote: kwa nini nguruwe? Jioni hii nataka tufungue vitabu vyenyewe. Na niseme mapema ninakoelekea. Jibu hili watu wengi wanalitafuta ndani ya tumbo la nguruwe, na humo halimo. Mimi naliona mezani, pale mtu anapoamua anamtii nani na anakula na nani.

Tuanze na Torati. Mambo ya Walawi sura ya 11, na Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Mnyama anayeliwa ana alama mbili: kwato iliyopasuka, na anacheua. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanazo zote. Kisha wanatajwa wanne wenye alama moja tu: ngamia, wibari ambaye wengi mnamwita pimbi, sungura, na nguruwe. Watatu wa kwanza wanahesabiwa kwamba wanacheua lakini hawana kwato iliyopasuka. Nguruwe peke yake ana kwato, hacheui. Soma mstari huo polepole. Hausemi nguruwe anagaagaa matopeni. Hausemi ana ugonjwa. Unasema tu kwamba alama moja imepungua. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walisema nguruwe akilala hunyoosha miguu mbele kuonyesha kwato zake, kana kwamba anasema, "Nitazameni, mimi ni safi." Wakamfananisha na dola ya Rumi, iliyojionyesha kama mwamuzi wa haki huku ikipora watu.

Lakini orodha ile ni ndefu. Samaki asiye na mapezi na magamba amekatazwa: kambale hayumo. Pweza, ngisi na kamba mnaowanunua pale Feri hawamo. Sasa mbona hatusikii Myahudi akitambulika kwa kutokula pweza? Kwa nini ni nguruwe?

Jibu liko kwenye historia, na Wakatoliki mnalo ndani ya Biblia yenu, katika Vitabu vya Wamakabayo. Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko wa Nne, aliyejiita Epifane, alipiga marufuku dini ya Wayahudi. Tohara, Sabato, kusoma Torati, vyote vilikatazwa. Na kipimo cha nani ameacha dini kilikuwa nyama: kula nguruwe uishi, au ukatae ufe. Akaletwa mzee Eleazari, mwalimu wa sheria, umri miaka 90. Wakamfungua kinywa kwa nguvu, wakamtia nyama. Akaitema.

Wasimamizi wa tendo lile walimfahamu tangu zamani. Wakamvuta pembeni, wakamwambia: lete nyama yako mwenyewe, iliyo halali, uliyoiandaa kwa mikono yako, uile mbele ya watu, na sisi tutasema umekula ya mfalme. Walimwonea huruma kweli. Mzee akakataa. Akasema katika umri wake haistahili kuigiza, kwamba vijana wengi watadhani Eleazari akiwa na miaka tisini amehamia dini ya kigeni, nao watapotea kwa sababu yake. Akapigwa hadi kufa.

Naomba tusimame hapo, maana mimi kila nikisoma habari hii nasimama. Nyama aliyoikataa mwishoni ilikuwa halali. Haikuwa na kosa lolote kwa mujibu wa Walawi 11. Eleazari alikufa kwa kukataa kula nyama halali, kwa kuwa watazamaji wangedhani ni nguruwe. Kama sheria hii ingekuwa inahusu kilichomo ndani ya nyama, mzee angekula akaenda nyumbani.

Mwalimu mwingine wa Kiyahudi, Eleazari bin Azaria, alifundisha kwamba mtu asiseme, "Mimi nguruwe ananichefua." Aseme, "Natamani, lakini nifanyeje? Baba yangu aliye mbinguni ameniamuru hivi." Kwa mafundisho hayo, mtu anayejizuia kwa sababu ya kichefuchefu hajafanya ibada bado.

Najua hapa wengi mna jibu la hospitali. Si jibu jipya. Musa bin Maimuni, mwanazuoni wa Kiyahudi na tabibu aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, aliandika kwamba nguruwe ni mchafu, na kama angeruhusiwa, mitaa na nyumba zingekuwa chafu kuliko vyoo. Mwaka 1835 mwanafunzi wa udaktari London, James Paget, akaona vijidudu ndani ya msuli wa maiti, na baadaye ikajulikana kwamba vinatokana na nyama ya nguruwe isiyoiva. Tangu hapo, Mwislamu, Msabato na Myahudi wanalo jibu moja la haraka: minyoo.

Mimi nimekulia kwenye nyumba ya nguruwe, na jambo hili nalijua kwa karibu. Mbozi na Mbulu ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu ambako kifafa kinachotokana na tegu wa nguruwe kimethibitishwa na watafiti. Ni ugonjwa wa kweli na unaumiza familia. Lakini sikilizeni unavyokwenda. Tegu mkubwa haishi ndani ya nguruwe, anaishi ndani ya utumbo wa mtu. Mtu akijisaidia porini, mayai yanatoka na kinyesi. Nguruwe aliyeachwa azurure anakula kinyesi kile, na vijifuko vyeupe kama punje za mchele vinaota kwenye nyama yake. Ukila nyama hiyo bila kuiva unapata tegu tumboni. Kifafa kina njia nyingine: unameza mayai yaliyotoka kwa mtu, kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga, kwa maji. Yakifika kwenye ubongo yanaota vijifuko humo. Kwa hiyo anaweza kuugua mtu asiyewahi kuonja nguruwe maisha yake yote, Mwislamu safi kabisa, kwa sababu jirani yake hana choo. Aliyemchafua nguruwe ni sisi. Na kimeta kinatoka wapi? Kwa ng'ombe na mbuzi, ambao ni halali kote.

Kwa hiyo nawaomba, kwa upendo kabisa: Mwislamu usimwambie Mkristo kwamba anakula minyoo. Unamtukana jirani, halafu unaidhoofisha sheria yako. Siku bwana mifugo akigonga muhuri kwenye nyama ile, hoja yako imekwisha, na amri ya Mwenyezi Mungu ulikuwa umeiegemeza kwenye muhuri wa bwana mifugo.

Twende kwenye Injili. Yesu mwenyewe alizaliwa, akaishi na akafa Myahudi, na hakuna mahali tunaposoma kwamba alikula nguruwe. Katika mfano wa mwana mpotevu, kipimo cha kuanguka kwa kijana yule ni kulisha nguruwe. Mabadiliko yanakuja kwenye Marko 7, ambako mwandishi anaeleza maneno ya Yesu kwamba yanavitakasa vyakula vyote, na kwenye Matendo 10. Petro yuko Yafa, juu ya dari, saa sita mchana, ana njaa. Anaona kitu kama shuka kubwa kikishuka na wanyama wa kila namna. Sauti inasema chinja ule. Anakataa. Mara tatu. Kisha wanabisha hodi wajumbe wa Kornelio, askari wa Kirumi. Na Petro akifika kwa Kornelio anaifafanua njozi mwenyewe: Mungu amemwonya asimwite mtu yeyote mchafu wala najisi. Mtu! Shuka lilijaa wanyama, tafsiri ikawa ya watu. Wasabato, ambao kanisa lao liliingia nchini kwetu kupitia Upare mwaka 1903, wanausisitiza mstari huo, na hadi leo nguruwe hawali, kambale hawali. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia nalo halili nguruwe. Tusiseme basi "Wakristo wanakula" kana kwamba ni kundi moja.

Tena mkutano wa Yerusalemu, Matendo 15, uliwaandikia watu wa mataifa wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na vilivyosongolewa. Damu imeandikwa waziwazi. Ndugu zangu mnaokunywa kisusio, ile supu ya damu, sura hiyo someni na mchungaji wenu. Paulo kwa upande wake aliwaambia Wakorintho kila kiuzwacho sokoni waleni bila kuulizauliza. Lakini ni huyohuyo aliyesema kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, hatakula nyama kabisa. Watu wa baa wanaukumbuka mstari wa soko.

Sasa Kurani. Mara nne nyama ya nguruwe inaharamishwa: Al-Baqara aya ya 173, Al-Maida aya ya 3, Al-An'am 145 na An-Nahl 115. Sababu inatajwa kwa neno moja, kwenye Al-An'am: ni rijs, uchafu, na wanazuoni wamelieleza neno hilo kwa kirefu. Kila mahali katika hapo pote panne, amri inafuatana na msamaha: aliyeshikwa na dharura, bila kutamani wala kuvuka mpaka, hana dhambi. Wayahudi nao wanafundisha kwamba kuokoa uhai kunatangulia karibu kila amri. Lakini msidhani Uislamu ulinakili Torati. Ngamia ni haramu kwa Myahudi, kwa Mwislamu ni halali. Pweza vilevile, kwa madhehebu yetu ya pwani. Na Al-Maida aya ya 5 inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na chakula chenu ni halali kwao. Aya ya 3 imefunga, aya ya 5 imefungua mlango wa kula pamoja, ndani ya sura moja.

Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, yanamhesabu nguruwe pamoja na mbwa katika najisi nzito: chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki, madhehebu mengine ya Kiislamu, wanasema mnyama akiwa hai si najisi. Nawatajia hili ili mjue kwamba hata ndani ya nyumba moja vyombo havioshwi sawa.

Na jiji letu? Aprili 1993 mabucha ya nguruwe hapa Dar es Salaam yalivamiwa na kuvunjwa. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimwua mchungaji. Haya tumeyaona wenyewe. Na katikati ya miaka hiyo yote, kwenye misiba na harusi za mji huu, Wakristo wameendelea kumwita jirani Mwislamu aje achinje ng'ombe ili wote wale, bila kuandikiwa na serikali.

Nyama yenyewe tumeipa majina ya kujificha: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Siyapendi, si kwa sababu ya nyama, bali kwa sababu jina la kuficha huzaa jiko la kuficha. Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaleyale, mishikaki inageuzwa kwa koleo lilelile, mteja hajaambiwa. Huyo muuzaji hajala haramu yoyote katika dini yake, lakini amemnyima mwenzake nafasi ya kumtii Mungu wake. Kwangu hilo ni zito kuliko nyama.

Baada ya hapo yalifuata maswali. Naandika moja. Alisimama mama lishe mmoja, akasema anauza wali na maharage jirani na baa. Jumamosi mteja alinunua kitimoto upande wa pili, akaja kukila kwake, kwenye sahani zake mbili, na yeye alikuwa jikoni hakuona. Wateja wake wengi ni Waislamu. Afanyeje?

Nikamwambia: mama, namna ya kuosha muulize shehe wa msikiti wako, atakuelekeza. Lakini kabla ya kuosha waambie wateja wako. Nikamwuliza sahani zenyewe ziko wapi sasa.

Akasema hajazitumia tena. Amezifunga kwenye mfuko, akazitundika msumarini, mbali na nyingine.