Usikimbilie Skurubu za Wino
(Mhadhara kwa wapiga chapa na wanafunzi wa uchapaji, Dar es Salaam)

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Mliokaa nyuma sogeeni, nimekuja na karatasi na nataka mzione kwa macho yenu wenyewe.

Hizi ni kurasa mbili za kalenda moja. Hii ni Aprili, hii ni Agosti. Ukizitazama moja moja, kila moja ni kazi safi: picha imetulia, rejista imekaa, yaani rangi zote zimelaliana mahali pake, maandishi yanasomeka. Sasa naziweka pamoja. Mnaona? Usuli wa Aprili una ukijani, kama ukuta ulioanza kushika kuvu. Wa Agosti una wekundu. Mteja alikuwa ameomba kijivu. Kijivu kimoja, Januari hadi Desemba.

Kazi hii niliiharibu mimi, na wenzangu wawili, kwa hiyo nina haki ya kuicheka. Nakala 10,000. Mteja aliitundika ukutani, akafunua kurasa mbele yetu moja baada ya nyingine, hakusema neno. Ningependa angetukana.

Kosa lilikuwa nini? Haya, semeni. Wino? Nani kasema wino? Wewe wa fulana ya njano. Vizuri, umejibu kama nilivyojibu mimi siku ile, na ndiyo sababu niko hapa leo. Wino ulikuwa uleule, kopo lilelile. Tatizo lilianzia kwenye maji.

Kile kijivu kilijengwa kwa nukta: asilimia 50 ya sayani, 40 ya majenta, 40 ya manjano. Kiwandani tunasema tu bluu, nyekundu na njano, tunaelewana. Rangi tatu zinashikana mikono, na mmoja akilegea wote wanayumba. Nyekundu kali ya tangazo la soda ikisogea kidogo hakuna atakayejua. Kijivu kikisogea, hata mtoto anaona.

Siku ile umeme ulikatika mchana. Uliporudi, mashine iliwaka lakini jokofu la maji ya mashine halikuwaka, na hakuna aliyelitazama. Maji yale ndiyo yanayoizuia pleti, lile bamba lenye picha, isishike wino kwenye sehemu nyeupe. Sisi tunayaweka kwenye nyuzi 10 hivi, yana dawa yake na spiriti kidogo. Yakipata joto, spiriti inaruka hewani, maji yanapoteza ule utelezi wa kutandaa kwenye pleti. Pleti ikaanza kushika uchafu kwenye sehemu nyeupe. Mwenzangu akafanya alichofundishwa: akaongeza maji. Uchafu ukaisha. Lakini kwenye yuniti ya nyekundu wino ukaanza kunywa maji, ukawa mlaini, umefifia. Nyekundu ikipungua kwenye kijivu, kinachobaki ni ukijani. Hiyo ndiyo Aprili yenu.

Mimi nikaona ukijani, nikafungua skurubu za nyekundu, zile zinazopima wino unaoingia. Sikuuliza swali hata moja. Jioni fundi akagundua jokofu limezima, akaliwasha. Maji yakapoa, tukayapunguza, wino ukarudisha nguvu zake, na skurubu zangu bado ziko wazi. Agosti ikatoka na wekundu. Mashine haikukosea hata mara moja siku ile, ilitii kila tulichoiambia.

Tangu hapo nina desturi, na wanaofanya kazi nami wananichukia kwa ajili yake: rangi ikihama, skurubu za wino ndiyo kitu cha mwisho kuguswa. Kwanza tunakwenda kwenye maji. Joto lake. Pehashi, kile kipimo cha uasidi, ambayo nataka iwe kati ya 4.8 na 5.5. Halafu upitishaji umeme, kile kipimo cha mikrosimensi, na hapa watu wa Dar nisikilizeni. Wengi tunatumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvichumvi. Pima maji yako matupu kabla hujatia dawa, uandike namba ile ukutani. Bila hiyo, mita ikikusomea 1,800 hutajua kama dawa imezidi, au vumbi la karatasi limeingia, au ni kisima chako tu kinajitambulisha.

Kuna jambo la kusubiri. Wino wa ofseti ukifika kwenye karatasi una unene wa kama maikroni moja tu, na kabla ya kufika hapo umepita rola baada ya rola. Ukigeuza skurubu sasa hivi, badiliko linahitaji karatasi mia moja, pengine zaidi, kabla halijatulia. Kijana anageuza, anavuta karatasi ya ishirini, haoni kitu, anageuza tena. Ni mpishi anayeonja mchuzi kabla chumvi haijayeyuka, anatia nyingine, anatia nyingine. Halafu anamlaumu muuza chumvi.

Na kila skurubu inalisha ukanda wa sentimita 3 hivi, kutoka mbele ya karatasi mpaka nyuma. Lishikeni hili, litawaokoa. Mkiona doa limefifia katikati tu, ukubwa wa kiganja, na juu yake na chini yake rangi imekaa sawa, hilo haliwezi kuwa la skurubu. Skurubu haina namna ya kulisha katikati peke yake. Tazama blanketi, ule mpira unaopokea picha kutoka kwenye pleti na kuibandika kwenye karatasi: huenda lilipitisha karatasi iliyojikunja likabonyea pale. Ukifungua wino kuliziba doa lile, unalowesha ukanda mzima kwa ajili ya kiganja kimoja. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo zamu nzima.

Sasa densitomita, kifaa cha kupima uzito wa wino kwenye karatasi. Najua viwanda vingi vinayo, imefungiwa kwenye droo ya meneja. Itoeni. Namba yake haina uchawi: densiti 1.0 maana yake karatasi inarudisha asilimia 10 ya mwanga, na 2.0 inarudisha asilimia 1. Ndiyo sababu kutoka 1.4 kwenda 1.5 si kitu kidogo kama inavyosikika. Chapeni ule ukanda wa vipimo, vile viraka vya rangi mkiani mwa karatasi, kila mara, hata mteja akilalamika kwamba mnamlia karatasi. Pimeni pale, msipime kwenye picha.

Lakini kifaa hiki hakijui rangi, kinajua kiasi tu. Majenta ya kampuni hii na majenta ya kampuni ile zinaweza kusoma 1.4 zote mbili na zisifanane. Mkibadilisha wino au karatasi mnahitaji spektrofotomita, inayosoma rangi yenyewe kwa namba za Lab. Kiwango cha ISO 12647-2 kinaruhusu rangi nzima nzima, zile nne za msingi, zitofautiane na shabaha mpaka delta E 5, delta E ikiwa kipimo cha tofauti kati ya rangi mbili. Mteja wa vifungashio vya chai hatakuruhusu 5. Paketi zake zinakaa rafuni bega kwa bega, ya mwezi huu na ya mwezi uliopita.

Mkipima, pimeni wakati uleule. Karatasi mbichi inang'aa, densiti yake iko juu. Ikikauka inashuka kidogo, na kwenye bondi, karatasi isiyopakwa, inashuka zaidi kuliko kwenye karatasi ya kung'aa. Ukilinganisha karatasi inayotoka sasa na ile mteja aliyosaini jana, mbichi na kavu, utapunguza wino ambao hukupaswa kuupunguza. Kesho yake kazi nzima imepauka, na sasa mnatafutana.

Kuhusu kusaini. Mteja anakuja saa kumi na moja jioni, mnampeleka dirishani "kwenye mwanga mzuri". Mwanga ule una manjano ya machweo! Anasaini, anaondoka, zamu ya usiku inafananisha chini ya tyubu za dari zenye ubluu. Kiwango ni taa ya Kelvin 5,000, na kwa kulinganisha kwa makini mwanga uwe karibu laksi 2,000, kuta zikiwa kijivu. Taa mbili za namna hiyo na kibanda cha plaiwudi kilichopakwa kijivu havifikii gharama ya kurudia kazi moja. Na wewe mwenyewe ukiwa umevaa shati la machungwa, simama mbali kidogo na karatasi. Sitanii.

Karatasi nitaipita haraka, ingawa ina mhadhara wake. Inapenda unyevu wa asilimia 50 mpaka 55. Masika ya Dar inavuka 80 bila kuomba ruhusa. Rimu ikifunguliwa usiku, asubuhi kingo zimevimba, zina mawimbi, rejista inacheza, na nukta zikikaa vibaya kijivu chako kinahama bila mtu kugusa wino. Iacheni kwenye ganda lake mpaka mashine iko tayari. Na msichanganye mizigo miwili kwenye kazi moja hata kama jina kwenye pakiti ni lilelile, weupe wake hutofautiana, na weupe huo unaonekana katikati ya kila nukta.

La umeme sasa, kwa sababu najua mtaniuliza. Mashine ikisimama ghafla, ule mlingano wa maji na wino unavunjika. Ukiwasha tena, karatasi za mwanzo, mia moja, mia mbili, si zako. Sisi tulizirundika pamoja na nzima. Kwenye ile kalenda, ukipekua Aprili moja baada ya nyingine, utakuta hata zenyewe kwa zenyewe hazifanani. Siku hizi mashine ikisimama tunachomeka kikaratasi chekundu kwenye rundo, na hakuna anayekitoa mpaka vipimo vya ukanda virudi pale vilipokuwa. Mhasibu alilia mwezi wa kwanza. Kisha akahesabu karatasi tulizokuwa tunazirudia, akanyamaza, na sasa vikaratasi anatukatia yeye.

Nimesema ya kutosha, na maneno hayana densiti. Twendeni kwenye mashine. Tutapiga karatasi 300 bila mtu kugusa skurubu hata moja, na kila ya hamsini tutaiandika namba na kuipima. Halafu nitayaongeza maji makusudi, mwone nyekundu inavyokwenda. Wewe wa fulana ya njano utashika densitomita. Na ile feni izimwe tafadhali, inapuliza moja kwa moja kwenye beseni la maji.