Kimya Jii: Mahali Kinapokaa Kichekesho cha Manga na Webtoon

Mhadhara kwa wasomaji wa katuni, Kamalondo, Lubumbashi

Jambo yenu, bababa na bamama, bayaya na badogo. Asanteni kwa kuja na jua hili. Niliombwa niseme juu ya manga, yaani katuni za Kijapani, na webtoon, zile katuni za kusomea kwenye simu, zote za kuchekesha: zipi nazipenda, zipi zimenishinda. Nitasema yangu, kisha kila mtu atasema yake.

Naanza na tukio moja. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka tisa. Kifaransa cha shule bado kinamsumbua, kwa hiyo jioni, bukari ikishaliwa, ananiletea kitabu, anakaa ubavuni mwangu, nami namsomea kwa Kiswahili huku kidole changu kikifuata picha. Siku ile tulikuwa na One-Punch Man. Zimwi lenye umbo la mdudu mwenye pembe linataka kujua siri ya nguvu za Saitama, yule shujaa mwenye kipara. Saitama anaitoa siri yote, bila kuficha kitu: pushapu 100, kuinua tumbo mara 100, kuchuchumaa mara 100, na mbio za kilomita 10, kila siku, kwa miaka mitatu. Wanaomsikiliza wanapigwa na butwaa.

Mdogo wangu akaniuliza, “Yaya, juu ya nini habaseme kintu?”

Nikamjibu, “Kimya jii.”

Alicheka mpaka akashika tumbo. Baadaye zimwi linavimba kwa hasira, linamshambulia Saitama, naye anapiga kelele kubwa kwa sababu amekumbuka kwamba leo ni Jumamosi, siku ya bei nafuu dukani, naye anachelewa. Ngumi moja, zimwi limekwisha. Mtoto akacheka tena, ila kile kicheko cha kwanza ndicho kilichonikaa kichwani, maana alikuwa amechekea mahali ambapo hakuna aliyesema neno.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma vichekesho hivi nikitafuta kitu kimoja: kimya kiko wapi, na mchoraji amekiweka vipi.

Wajapani wana neno la sauti ya kimya. Wanaandika “shiin”, kwa herufi ndefu zinazopita katikati ya picha, pale watu wote waliomo wanapobaki wametoa macho. Ukisoma kwa Kifaransa unaona jinsi mfasiri anavyohangaika, kwa kuwa Kifaransa hakina sauti ya kitu kisicho na sauti. Kiswahili kinayo: jii. Wao wanasema “kirakira” kwa kitu kinachong'aa, sisi tunasema kinametameta. Sisi tunalala fofofo, tunajaza gunia pomoni, nguo ni nyeupe pe na usiku ni mweusi ti. Mtoto aliyekua na tanakali hizi anaifungua manga akiwa tayari ana nusu ya lugha yake. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba vichekesho vya Kijapani vinakaa vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kifaransa tunachovisomea.

Ushahidi wangu mkubwa ni Yotsuba, katika Yotsuba&! ya Kiyohiko Azuma, iliyoanza mwaka 2003. Hiki ndicho kitabu ninachokipenda kupita vyote, na mkiniruhusu nitakaa nacho kidogo. Yotsuba ni mtoto wa miaka mitano, nywele zake za kijani zimefungwa mafundo manne. Amehamia mtaa mpya na baba yake. Hakuna vita, hakuna uchawi, hakuna adui. Kila sura inaitwa kwa jina lake na jina la kitu anachokutana nacho siku hiyo, na kitu chenyewe ni cha kawaida kabisa, kama vile nyenje kwenye mti. Anakikodolea macho kama mtu aliyeletwa duniani asubuhi ile.

Baba yake anafanya kazi ya kutafsiri, nyumbani, mezani. Mtoto analijua neno, lakini ulimi unateleza. Kwa Kijapani kutafsiri ni “honyaku”, na kuna chakula laini cha kutetemeka kitokanacho na kiazi, kinaitwa “konnyaku”. Basi Yotsuba anawaambia majirani kwamba baba yake anatengeneza konnyaku. Mfasiri wa lugha nyingine afanye nini hapa? Akiweka maelezo chini ya ukurasa, kichekesho kimekufa. Nilikaa na kisanduku hicho, yaani ile picha moja iliyozungushiwa mistari, siku mbili, jibu likanijia nikiwa nafua: kamusi inatupa “mfasiri”. Badilishana f na s, mfasiri anakuwa msafiri. “Baba yangu ni msafiri!” Naye baba mwenyewe yuko nyumbani kutwa na kaptura. Nilipomsomea mdogo wangu, alilielewa papo hapo, na kesho yake nikamsikia akimwambia mwenzake uani.

Azuma anajua kungoja. Yotsuba akisema neno kama lile, kisanduku kinachofuata mara nyingi hakina maneno. Watu wazima wanamtazama tu. Anatuachia nafasi ya kufika wenyewe. Hiyo ni heshima kwa msomaji, na nadhani aliizoea zamani, kwa sababu Azumanga Daioh, kazi yake ya kabla ya hapo, iliandikwa kwa visanduku vinne vinne kutoka juu kwenda chini.

Mtindo huo wa visanduku vinne ni wa zamani. Machiko Hasegawa aliuchora katika Sazae-san kuanzia 1946 hadi 1974, akieleza maisha ya mama mmoja na jamaa zake katika Japani iliyotoka vitani. Kisanduku cha kwanza kinafungua, cha pili kinaendeleza, cha tatu kinageuza, cha nne kinafunga. Wanaojua vitendawili watauelewa haraka. Kitendawili! Tega! Kisha swali, kisha ule muda wa watu kukuna vichwa mpaka mtegaji aombe mji. Ukitoa jibu upesi umeharibu mchezo, na ukichelewa mno watu wanarudi kwenye mazungumzo yao.

Sasa Gintama. Najua hapa ndani kuna wapenzi wake wengi. Hideaki Sorachi aliianza mwishoni mwa 2003, akaimaliza 2019, juzuu 77. Wageni kutoka angani wameitawala Edo, Tokyo ya zamani, masamurai wamekatazwa panga, na Gintoki, mmoja wao, anafanya kazi yoyote apate pesa ya pango, huku akila sukari kupita kiasi. Wazo lenyewe linanigusa, maana ni watu waliopokonywa fahari yao na bado wanataniana. Shinpachi, kijana mwenye miwani, ndiye anayepaza sauti kila mara mwenzake akisema upuuzi. Wajapani wana majina ya kazi hizo mbili jukwaani, boke ni anayekosea, tsukkomi ni anayemkosoa. Sisi wa Lubumbashi tulilelewa na kitu hicho hicho. Wazazi wetu walimsikiliza Mufwankolo na kundi lake, redioni na kwenye televisheni, wakicheza kwa Kiswahili chetu cha hapa, na mama yangu hadi leo ananieleza kwamba kicheko kilikuwa kwa yule aliyesimama pembeni akistaajabu.

Lakini Gintama inanichosha. Kurasa nyingi zimejaa kelele, puto la maneno juu ya puto la maneno, na utani wake mwingi unataka uwajue waimbaji na matangazo ya Japani. Ninaposoma maelezo madogo chini ya ukurasa ili nijue nilipaswa kucheka wapi, nimeshapoteza hamu. Kwenye sura za huzuni Sorachi ni hodari sana. Kwenye sura za mzaha hanyamazi, nami nahitaji anyamaze.

Spy x Family ya Tatsuya Endo, iliyoanza Machi 2019, imelitatua tatizo hilo kwa njia nzuri ajabu. Baba ni jasusi, mama ni muuaji wa kulipwa, na kila mmoja anamficha mwenzake. Anya, mtoto waliyemchukua, anasoma mawazo, kwa hiyo yeye peke yake anawajua wote wawili, wala hathubutu kusema. Kimya chote cha kitabu kimewekwa ndani ya uso wa mtoto mmoja. Mtazameni mdomo wake baba anapodanganya. Msomaji anakaa upande wake, wanashiriki siri moja, na ndiyo maana watu wasiosoma manga kabisa wanakipenda.

Kuna jambo linaloniudhi, na nalisema kwa uwazi kwa kuwa dada zangu wako hapa. Ule mzaha wa mwanamume anayechungulia wasichana wakioga, damu ikamtoka puani, akapigwa, tukatakiwa tucheke. Hata Akira Toriyama, ambaye Dr. Slump yake ya 1980 ilijaa furaha ya kweli, na ambaye tulimlilia alipofariki Machi 2024, aliutumia mno kwa yule mzee wa kobe katika Dragon Ball. Umeshachakaa, na msichana anayesoma anajikuta amegeuzwa kitu cha kuchekewa. Ninapomsomea mdogo wangu kurasa hizo naziruka, na hadithi haipungukiwi na chochote.

Nije kwenye webtoon. Kitabu cha karatasi kina silaha moja ambayo niliijua kwa hasara. Nilinunua juzuu kuukuu kwa muuzaji mmoja mjini, na karatasi moja ilikuwa imeng'oka. Hadithi ilijengwa vizuri, nikafungua, nikakuta tukio la baadaye. Kichekesho kilikuwa nyuma ya karatasi ile iliyopotea. Hapo nikaelewa kwamba mchoraji wa manga anakificha nyuma ya ukurasa, mkono wako ukigeuza ndio unakifungua.

Simu haina ukurasa. Mkorea Kang Full alipoweka hadithi zake kwenye tovuti ya Daum mwaka 2003, aliziteremsha kutoka juu kwenda chini, na wengi wakamfuata. Kinachoigiza kimya hapo ni nafasi tupu. Unasogeza kidole, weupe, weupe, weupe, halafu uso. Cho Seok aliutumia mtindo huo katika The Sound of Heart kwenye tovuti ya Naver kuanzia 2006 hadi 2020, vipindi 1,229, akichora jamaa yake mwenyewe, kaka, mchumba ambaye baadaye ni mke, na wazazi wanaouza kuku wa kukaanga. Michoro yake ya mwanzo ni ya mtu anayechora haraka, nyuso ni mistari mitatu, lakini hakosei saa ya kuchekesha. Yumi's Cells ya Lee Dong-gun ninaipenda kwa sababu nyingine. Ndani ya kichwa cha Yumi, mfanyakazi wa ofisi, kuna kijiji cha seli, na ile seli ya njaa inawazidi wote nguvu katikati ya mambo mazito ya mapenzi. Nani hapa hajawahi kuvunjwa moyo na bado akasikia harufu ya vitoyo?

Hapa kwetu webtoon ina msaidizi asiyealikwa, mtandao. Picha zinashuka moja moja, na kile kiduara kinachozunguka kinaongeza kimya ambacho Cho Seok hakukichora. Mara nyingine picha ya mwisho inatokea kabla ya ile iliyoitangulia, na kipindi kizima kimeharibika. Mega ni ghali, najua. Ushauri wangu ni kupakua vipindi usiku, vitano au sita, kisha kuvisoma kesho mtandao ukiwa umezimwa. Mtaisoma kwa mwendo wa mchoraji mwenyewe.

Na tukirudi kwa Saitama, ambaye ndiye tuliyeanza naye: mtu aitwaye ONE alimchora kwanza mwaka 2009, kwenye intaneti, kwa mistari ya mkono usiofunzwa, na mwaka 2012 Yusuke Murata akaanza kuichora upya kwa ufundi unaotisha. Wengine wanasema ya kwanza inachekesha zaidi. Mimi niko upande wa Murata. Majengo yanaporomoka, kila kioo kimechorwa, mazimwi yana misuli ya kutisha, halafu katikati ya yote hayo kuna kichwa kama yai, chenye nukta mbili za macho, kikisema “OK”. Kadiri kelele za picha zinavyoongezeka, ndivyo kile kimya cha usoni kinavyochekesha.

Nimeleta juzuu tano, ziko mezani kwa yule yaya wa mlangoni. Mbili ni za Yotsuba. Ukichukua, andika jina lako kwenye daftari, rudisha Jumamosi ijayo. Zinafunguliwa kutoka kulia, na tafadhali msilambe kidole mnapogeuza, karatasi zake ni nyepesi.