Mtwara kuchele, huku bado giza: asubuhi ya Lucia Uswidi

Mtwara kuchele, yaani kumekucha! Assalamu aleykum mama zangu, baba zangu, wadogo zangu wa Mikindani, Shangani, Magomeni, na nyie wa Lindi mnaolalamika siwataji, leo nimewataja. Saa yangu ni mbili kasoro kumi asubuhi. Ngoja niwageuzie kamera dirishani. Mnaona? Giza. Hapa ni Uppsala, tarehe 13 Desemba, na jua lenyewe litachomoza saa tatu kasorobo. Likichomoza linajikongoja pembeni mwa anga, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama. Kwetu linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, mtu hana haja ya kuuliza.

Mmeniomba sana niwaonyeshe Krismasi ya huku. Itakuja, lakini naanza na leo, maana siku hii inanigusa kuliko hata Krismasi yenyewe. Wanaiita Lucia.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, nilikuwa namalizia zamu ya usiku. Ghafla mtu akazima taa zote za ukumbini. Nikasikia watoto wanaimba kutoka mwisho wa korido, taratibu, kisha nikaona magauni meupe mpaka miguuni, utepe mwekundu kiunoni, na mbele yao binti ana mishumaa inayowaka kichwani. Mimi mtoto wa Mikindani, nyeupe ndefu inayotembea gizani najua inamaanisha nini. Moyo ulinipasuka, nikaanza kusoma dua zote za madrasa. Pembeni yangu kulikuwa na bibi niliyekuwa namlisha uji, wiki nzima sijamsikia akitamka neno. Akaanza kuimba. Wimbo mzima, hakukosea hata ubeti. Nikaweka kijiko chini nikamshika mkono, na hofu ikaniisha palepale.

Lucia mwenyewe si Mswidi. Alikuwa binti Mkristo wa Sirakusa, kisiwani Sisilia, kusini mwa Italia, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 304. Kwa kalenda yao ya zamani, usiku wa kuamkia siku yake ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko yote. Maandamano haya ya mijini yalishika kasi miaka ya 1920, gazeti moja la Stockholm lilipoanza kuchagua Lucia wake. Yaani giza lilipowazidi, wakamwita mgeni kutoka kusini awaletee mwanga.

Sasa njooni jikoni. Mkate huu wa manjano uliokunjwa kama herufi S, zabibu kavu moja kila upande, unaitwa lussekatt. Huo umanjano ni zafarani, mama zangu. Zafarani ileile ya biriani ya harusi! Inauzwa kwenye kipakiti cha nusu gramu, na maduka mengi wanaiweka kwa keshia kwa sababu ya bei yake. Bibi yangu alikuwa akiloweka nyuzi chache kwenye kikombe, anafunika na kisahani, na ole wako uguse. Angalieni hapa, nasogeza kamera. Kikombe, kisahani. Nimefanya vilevile alfajiri hii, ila badala ya kumwagia kwenye wali nimekandia unga.

Si mkate huu tu. Biskuti zao nyembamba za Krismasi, pepparkakor, zina tangawizi, mdalasini na karafuu. Andazi lao la kila siku wanatia iliki, tena iliki ya kutosha. Siku ya kwanza nilipolionja nilifumba macho, nikajiona nimekaa barazani kwa mama. Hata mvinyo wanaouchemsha, glögg, upo usio na kilevi, na harufu yake ni chai ya viungo kabisa. Kwa hiyo anayeniambia Krismasi ni theluji, hajaingia jikoni kwao. Theluji iko nje, na wao wenyewe wanaikimbia. Wakitaka nyumba inukie sikukuu, wanafungua makopo ya viungo vilivyotoka pwani za mbali, pwani kama zetu.

Ndiyo maana inaniuma nikiona picha za huko, maduka yametundika pamba iwe theluji. Desemba ya kusini! Pesa ya korosho iko mkononi, mabibo yamezagaa chini ya mikorosho, embe zinaiva, mvua za kwanza zinanukisha vumbi, harusi zimepangana. Kuna kitu gani cha kufunika na pamba hapo? Waswidi wameshona sikukuu zao kwa kipimo cha giza lao. Sisi vipimo vyetu tunavyo. Hata kiangazi, baada ya mavuno, wali wakitoka unyagoni, wamebebwa mabegani, mwavuli juu, kanga mpya, vigelegele: hiyo nirekodieni jamani, makungwi wakiridhia, pale hadharani tu. Ya ndani yabaki ndani.

Yule mbuzi mkubwa wa mabua wa mji wa Gävle mnayeniuliza, ndiyo, yupo. Wanamsimamisha kila mwaka tangu 1966, na mara nyingi watu wamemchoma moto. Nimemwona mara moja, sina mengi.

Mama alinipigia juzi. Akaniuliza, mwanangu, huyo mjukuu wangu kuvaa gauni la Lucia, na dini je? Nikamwambia, mama, anaimba na wenzake wa darasani, na Idi ikifika atavaa gauni lake jingine tukaswali. Mama mwenyewe anajua Idi huku tunavyoipigania, kila mwaka inasogea nyuma kama siku 11. Ramadhani ilipoangukia Juni tulikuwa tunafuturu saa nne usiku. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama gauni lina mikono mirefu. Lina, mama. Huyu hapa anakuja, mwone mwenyewe.

Njoo, mwanangu, wasalimie bibi zako. Taji lake ni la betri, shuleni kwao hawataki moto. Simama hapa dirishani. Kule juu ya paa pameanza weupe, mnaona? Haya, sema alivyokufundisha bibi.

"Kuchele!"