Jiko la Kambini Lipimwe kwa Mwiko

Hamjambo, ndugu zangu watazamaji. Leo sizungumzi nanyi kutoka Glasgow kama ilivyo desturi, kwa sababu nimekuja likizo nyumbani, na hapa nilipoketi ni nyuma ya nyumba ya mama yangu, Bahati, Kaunti ya Nakuru. Mbele yangu nimepanga majiko matatu madogo, sufuria ya lita mbili, unga wa mahindi na mwiko. Wengi wenu mmeniandikia mkiuliza mnunue jiko gani la kwenda nalo kambini, na baadhi yenu mmeniomba niwabebee lile dogo la gesi mnaloliona katika video zangu za Uskoti. Nimekuja nalo, ndilo hili la kushoto. Hata hivyo, kabla hujatoa pesa zako naomba unisikilize kwanza, maana wiki iliyopita jiko hili lilitulaza njaa mlimani.

Tulikuwa wanne: mimi, binamu zangu wawili wa Kitale, na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne. Tuliingia Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim, tukiwa na nia ya kufika Koitobos, kilele chenye urefu wa mita 4,222. Tulikubaliana mapema kwamba hatutagusa hata kijiti kimoja cha hifadhi, kwa kuwa msitu ule umeumizwa na mashoka kwa muda mrefu, kwa hiyo tukategemea gesi peke yake. Jioni ya kwanza, tukiwa kiasi cha mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, maji yalichemka vizuri, nikatia unga, nikaanza kusonga. Mnajua ugali unavyokuwa pale unapoanza kukaza: mkono wa kulia unausukuma mwiko kwa nguvu, wa kushoto umeshikilia sufuria kwa kitambaa, na uzito wote unaegemea upande mmoja. Jiko hili lina miguu mitatu ya kubebea sufuria, kila mmoja mwembamba kama kidole cha mtoto mchanga, nalo lote limekaa juu ya mtungi usiozidi upana wa kiganja. Nilipougeuza ugali mara ya tatu, mguu mmoja ulilegea, sufuria ikaanza kuinama, na kabla sijaidaka, chakula cha watu wanne kilikuwa kimemwagika kwenye nyasi zenye umande. Mpwa wangu alifunga gesi upesi, la sivyo tungeziunguza nyasi na pengine hema pia. Tulikunywa chai kwa mkate uliobaki, tukalala.

Usiku ule, nikisikiliza upepo ukipiga hema, nililifikiria jambo ambalo nilipaswa kulifikiria miaka mingi iliyopita. Wapandaji milima wengi wa Ulaya hubeba chakula kilichokaushwa ndani ya pakiti, na wakifika kambini wanachohitaji ni maji ya moto ya kumimina humo, wafunge, wasubiri, wale. Jiko la namna hii limebuniwa kwa kazi hiyo, na kwa kazi hiyo ni hodari kweli: uzito wake haufiki gramu 100, na nusu lita ya maji huchemka ndani ya dakika chache tu. Ila aliyelibuni hakumwona akilini mtu anayesonga. Ndiyo maana ninawaambia kwamba sisi tusiulize tu jiko lina uzito gani au linachemsha maji kwa dakika ngapi. Swali la kwanza liwe kama linahimili mwiko.

Wazee wetu walilijibu swali hilo kwa mawe matatu. Jifya moja haliinjiki chungu, na hata mawili hayawezi. Lakini matatu, yaliyokaa chini na kuachana vya kutosha, hubeba chungu cha harusi bila kutikisika. Nyanya yangu wa Kimilili alikuwa akiyasogeza mafiga yake kwa ncha ya mguu kulingana na ukubwa wa sufuria, na sikumbuki hata siku moja ambapo ugali wake ulianguka. Udhaifu wa mafiga uko kwingine: yanakula kuni nyingi, joto kubwa linapotelea pembeni, na moshi unaumiza macho na mapafu ya wanaopika. Kwa hiyo tunatafuta jiko lenye utulivu wa mafiga na lisilo na ulafi wao.

Hili la katikati ni la spiriti, aina ya Trangia, kutoka Uswidi, na muundo wake wa sufuria kukaa ndani ya kikinga upepo umekuwapo tangu mwaka 1951. Limekaa chini, ni pana, na sufuria inaingia ndani ya kikinga upepo badala ya kuelea juu yake, hivyo unaweza kusonga ukiwa umepiga magoti bila wasiwasi. Kichomeo chake ni kikombe kidogo cha shaba nyeupe kisicho na pampu wala bomba, na kwa hiyo hakuna kitu cha kuharibika. Unakitia spiriti kiasi cha mililita 100, unawasha, nacho huwaka kwa karibu dakika 25. Ni jiko la mtu mwenye subira, kwa sababu spiriti, gramu kwa gramu, hutoa joto linalozidi kidogo tu nusu ya lile la gesi. Faida kubwa kwetu watu wa magharibi mwa Kenya ni kwamba nishati yake ni zao la mashamba yetu wenyewe: huko Muhoroni molasi ya miwa hugeuzwa kuwa ethanoli, na spiriti inauzwa kwa chupa hata katika miji midogo. Mtungi mdogo wa gesi, ule unaofungwa kwenye jiko la kushoto kwa kuzungushwa, kwa upande mwingine, niliutafuta Nakuru siku nzima bila mafanikio, nikaupata Nairobi, na hauwezi kuletwa kwa ndege kwa kuwa mashirika ya ndege yanaukataza kabisa. Tahadhari ni moja, nayo mwifundishe watoto: mwali wa spiriti hauonekani mchana. Usiongeze spiriti hata siku moja kabla hujahakikisha kwamba kichomeo kimezimika na kupoa, kwani moto unaweza kuifuata spiriti hadi ndani ya chupa iliyo mkononi mwako.

Sasa njooni karibu na hili la kulia, kwa sababu ndilo lililonifanya niwashe kamera leo. Halikutoka Ulaya. Limetengenezwa na fundi wa jua kali hapa hapa mjini Nakuru kutokana na makopo mawili ya maziwa ya unga, moja kubwa na jingine dogo, na nilimlipa shilingi 600 pamoja na soda. Nilimchorea wazo kwenye karatasi, akalitazama kwa muda, akaniuliza maswali mawili, kisha akachukua mkasi wa bati. Kopo dogo linaingia ndani ya kubwa na kuacha nafasi ya upana wa kidole pande zote. Kopo kubwa lina matundu karibu na sehemu ya chini pekee. Lile dogo lina matundu kwenye kitako, na mstari mwingine wa matundu madogo karibu na mdomo. Hewa inaingia chini. Sehemu yake inapita kwenye kitako na kuulisha moto, na sehemu nyingine inapanda katikati ya kuta mbili, inapata joto kali njiani, kisha inatokea kwenye yale matundu ya juu. Pale juu ndipo inapokutana na moshi uliokuwa ukienda zake na kuuwasha. Tazameni: ndimi ndogo za moto zinatokeza kwenye matundu kama za kichomeo cha meko, na juu ya sufuria moshi hauonekani kabisa. Moshi ni nishati ambayo haijaungua, kwa hiyo jiko hili linapika kwa kile ambacho mafiga hukitupa.

Fundi aliongeza kitu ambacho sikumwambia. Pembeni mwa kopo kubwa alifunga vipande vitatu vya nondo nyembamba vilivyopinda kwa nje na kushika ardhi kwa upana, na juu akaweka vingine vitatu vya kubebea sufuria. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa mshangao, "Si utasonga?" Nimelifikiria jibu hilo tangu juzi, na ninalileta kwenu jinsi lilivyo.

Ukienda kwa fundi wako, Kisumu, Kakamega au popote ulipo, mwombe asitumie mabati ya kuezekea nyumba, kwa kuwa yamepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaodhuru. Makopo ya rangi pia yaache. Kuhusu kuni, jiko hili halitaki magogo: linataka vijiti vikavu vya unene wa kidole gumba, vilivyokatwa vifupi, vikapangwa wima hadi chini kidogo ya matundu ya juu, halafu vikawashwa kutoka juu, si kutoka chini kama tulivyozoea. Ninachokipenda zaidi ni magunzi ya mahindi, ambayo Trans Nzoia na Bungoma yanatupwa kwa magunia baada ya kupukuchua. Gunzi kavu likivunjwa vipande vitatu linawaka kwa usawa, na kopo moja lililojaa linatosha kuchemsha maji na kuivisha ugali wa watu watatu. Msimu wa mvua, kijiti kilicholowa usikitupe. Kivue ganda, kipasue kwa kisu, nawe utakuta kiini chake kikavu, ambacho ukikichonga nyuzi nyembamba bila kuzikata hadi mwisho kitashika moto wa kiberiti mara moja. Uskoti watu hulipa ada ili wafundishwe mambo haya, pamoja na kupekecha moto kwa vijiti viwili. Kiswahili kina majina ya vijiti hivyo, ulindi na uwimbombo, na lugha haitunzi jina la kitu ambacho wenyewe hawakukitumia.

Gesi siitupi nje kabisa. Kisumu, ambako joto ni kubwa usiku na mchana, lile jiko bapa la sandukuni linalotumia mtungi mrefu wa butani linafanya kazi vizuri, limekaa chini, na ufukweni Dunga nimekaangia omena juu yake bila tatizo. Lipeleke Elgon, Molo au Mau, na asubuhi yenye barafu litakuaibisha, kwa sababu butani hukoma kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, ilhali propani, gesi nyingine ya kupikia, huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Majira yangu ya kwanza ya baridi huko Uskoti nililala na mtungi kifuani ndani ya blanketi ili nipate chai alfajiri. Pia kumbukeni kutouzungushia mtungi wa gesi kikinga upepo kilichofungwa pande zote, kwani mtungi ukipata joto kupita kiasi unaweza kupasuka.

Kuna jambo la vyakula nalipitia haraka. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo: Kisumu ni karibu nyuzi 96, hapa Nakuru karibu 94, na pale tulipopiga kambi Elgon karibu 88. Ugali na uji vinaivumilia hali hiyo. Maharagwe hayaivumilii, kwa hiyo yachemshe nyumbani uende nayo yakiwa tayari.

Lililobaki nalisema polepole. Usipike ndani ya hema, na usiingize jiko lenye makaa mahali pa kulala, hata kama baridi inakutetemesha. Mwaka wangu wa pili huko Uskoti, mvua ilipozidi, nilivuta zipu ya hema na kuendelea kupika ndani. Nilidhani kichwa kinaniuma kwa uchovu, miguu ikawa mizito, na rafiki yangu aliyekuwa hema la jirani aliponiita nikajibu maneno yasiyoeleweka. Alinivuta nje kwa mabega. Hewa ile, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi kabla hajatambua kwamba yuko hatarini. Sehemu za baridi kama Kuresoi na Molo watu huvuta jiko la makaa chumbani usiku na kufunga madirisha ili watoto wapate joto. Ndugu zangu, nawasihi, litoeni nje. Afadhali mjifunike makoti yote mliyo nayo.

Sasa maji yamechemka juu ya jiko la fundi wetu. Natia unga, mkono huu wa kwanza, wa pili, na huu wa tatu kidogo. Mpwa wangu, sogeza kamera ishuke hapa chini kwenye nondo, waone miguu. Nasonga kwa nguvu zangu zote, ugali umeanza kukaza, naugeuza mara ya tatu, na jiko limekaa pale pale nilipoliweka.