Dola 35,000 kwa Kufumba na Kufumbua

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wakubwa zangu mliopo, shikamooni.

Mada niliyopewa inauliza kama fedha nyingi na michezo ya kulipwa vimeharibu mashindano ya ngazi ya juu. Najua wengi mlikuja mkitegemea Simba na Yanga: nani ana mwekezaji, nani ana mfadhili, nani kamnunua nani. Hayo mnayabishania vijiweni kila siku na mimi siwawezi. Nitazungumzia riadha, hasa mbio ndefu, kwa sababu huko fedha hazina pa kujificha. Hakuna klabu wala uhamisho. Kuna mtu mmoja, miguu yake miwili na hundi moja.

Jibu langu nalitoa mapema, ili mwenye kuwahi daladala aondoke nalo. Fedha hazijaharibu mbio. Kilichoharibika ni mgao. Na huo mchezo wa kulipwa tunaolalamika kwamba umezidi, kwa mwanariadha wa kawaida wa Arusha, Manyara au Eldoret bado haujafika.

Twendeni Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Mashindano ya dunia, marathoni ya wanaume. Mnakumbuka, maana siku ile simu zetu zilijaa video ile ile. Alphonce Simbu anaingia uwanjani na wenzake wawili, Mjerumani Amanal Petros na Mwitaliano Iliass Aouani. Kwenye mita za mwisho Petros yuko mbele. Simbu anamfuata, anamfikia, na pale kwenye mstari Petros anajirusha mzima mzima. Saa inasoma 2:09:48 kwa wote wawili. Ikabidi picha itazamwe. Simbu kashinda kwa sehemu tatu kati ya mia za sekunde moja, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

Sasa tuifungue pochi. Mshindi wa dunia alipewa dola 70,000. Wa pili, 35,000. Wa tatu 22,000, wa nne 16,000, wa tano 11,000, halafu 7,000, 6,000, na wa nane 5,000. Wa tisa hapati hata nauli. Yaani Simbu na Petros walikimbia kilomita 42 na ushei, wakatofautiana kwa muda ambao jicho haliuoni, na muda huo ukawa na bei ya dola 35,000. Nafurahi kama mnavyofurahi kwamba zilikuja kwetu. Lakini nataka mjiulize: kama picha ile ingesoma vingine, Simbu angekuwa mkimbiaji dhaifu kwa kiasi gani?

Na si mara moja. Aprili mwaka huo huo, Boston, John Korir wa Kenya alishinda. Nyuma yake Simbu na Cybrian Kotut wakaandikiwa muda mmoja, 2:05:04. Simbu wa pili, Kotut wa tatu. Boston wa kwanza hulipwa dola 150,000, wa pili 75,000, wa tatu 40,000. Hebu hesabuni wenyewe.

Halafu hizo ni namba za gazetini, siyo za benki. Tumchukue mshindi wa pili yeyote wa mbio za Marekani, simsemi Simbu, maana mikataba yake siijui. Kodi ya kule kwa mgeni kwa kawaida hukatwa asilimia 30 kabla hela haijaondoka. Meneja huchukua kama asilimia 15. Katika 75,000 zimebaki 41,250. Kocha yupo, mchua misuli yupo, chakula cha kambi miezi minne kipo, na hela yenyewe haitoki siku ile. Inasubiri majibu ya vipimo vya dawa. Mtu wa marathoni hukimbia mbili kwa mwaka, akizidisha sana tatu. Nyama ya paja ikichanika wiki mbili kabla, mwaka umekwisha. Huyo ndiye tunayemwita tajiri kijijini, na kila mwenye ada ya shule anajua mlango wake.

Wapo wanaosema basi turudi enzi za ridhaa, mtu akimbie bila malipo, kwa kuipenda nchi yake. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Hizo enzi zilikuwa za nani? Mwaka 1879 waandaaji wa mbio za makasia za Henley, Uingereza, waliandika kwenye kanuni kwamba fundi, mtu wa kazi za mikono na kibarua hawahesabiki kuwa wachezaji wa ridhaa. Hawakuzungumzia zawadi tu. Walisema kibarua asishindane na bwana. Kwa fikra hizo hizo Jim Thorpe, Mmarekani mwenye asili ya Wahindi Wekundu, alinyang'anywa dhahabu zake mbili za Olimpiki ya 1912 kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli. Alifariki 1953, medali zikarudishwa kwa watoto wake 1983. Paavo Nurmi wa Finland, mwenye dhahabu tisa, akazuiwa kukimbia Los Angeles mwaka 1932 kwa tuhuma hizo hizo za kupokea hela.

Boston yenyewe, mpaka 1985, haikuwa na zawadi ya fedha. Mshindi alivikwa taji la majani akapewa bakuli la mchuzi wa nyama. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Wakimbiaji wakubwa wakaanza kuikwepa, na mwaka 1986 waandaaji wakapata mdhamini wakaanza kulipa. Miaka miwili baadaye, 1988, akashinda Ibrahim Hussein wa Kenya, Mwafrika wa kwanza kuishinda Boston. Na alimshinda nani? Juma Ikangaa wetu, kwa sekunde moja: 2:08:43 kwa 2:08:44. Ikangaa akawa wa pili tena 1989, na tena 1990, katikati yake akaenda New York akashinda. Sisemi hela ndiyo iliyowapa mapafu. Nasema mtoto wa mkulima hawezi kukaa kambini mwaka mzima, aache shamba, apande ndege mpaka Marekani, kwa ajili ya mchuzi.

Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Kuna kitu tumepoteza. Tazameni mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Filbert Bayi anatoka mbele tangu mlio wa bastola, hakuna mtu wa kumvuta, anawaacha, wanamrudia, John Walker wa New Zealand yuko mgongoni kwake kwenye mita za mwisho, na Bayi hapitwi. Rekodi ya dunia, 3:32.2. Walker naye aliyekuwa wa pili akawa chini ya rekodi ya zamani. Leo marathoni nyingi za miji mikubwa zina waweka kasi wanaolipwa kukimbia hadi kilomita ya 25 au 30 kisha wanatoka pembeni, na nyuma yao watu wamepangana wanaitazama saa badala ya kutazamana. Wanakimbiza muda kwa sababu muda ndio wenye bonasi. Mimi nachoka kuziangalia, nakiri. Ila msiniambie ni hela tu, maana Boston ina hela na haina waweka kasi, na mashindano ya dunia pia hayana. Ndiyo maana Tokyo mlisimama juu ya viti.

Na wakati ule wa usafi tunaousifia, Bayi na Walker walipaswa kukutana tena Montreal 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingine za Afrika zilisusia, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Mimi naunga mkono kususia kule mpaka leo. Nasema tu kwamba aliyelipa gharama ni mkimbiaji, na hakuna aliyemfidia.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Bayi alikuwa mwanajeshi. Ikangaa mwanajeshi. Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ. Kipchoge Keino alikuwa polisi. Kule Kenya, wengi wa watu mnaowaona kwenye televisheni wana vyeo vya polisi, magereza au jeshi. Mnadhani wanapenda sana kupiga saluti? Wanapenda mshahara wa mwisho wa mwezi, matibabu, nyumba na pensheni. Kambi ya jeshi inawapa vile vitu ambavyo kazi yao halisi haiwapi. Daktari analipwa hata mwezi ambao wagonjwa ni wachache. Mkimbiaji hana mwajiri, hana bima, hana chama cha kumtetea chenye meno, na mkataba wake wa viatu mara nyingi una vipengele vya kumpunguzia malipo akishuka kiwango au akikosa mbio kadhaa. Akijifungua je? Wanawake wanajua. Kwa hiyo mtu akiniambia michezo imekuwa ya kulipwa kupita kiasi, namwuliza: ulipwaji gani huo usio na likizo ya uzazi?

Sasa muweke kijana kwenye mteremko huo wa mgao. Yuko Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, kambi ina watu tele, ana uwezo wa saa 2 na dakika 12. Kwa muda huo hapati mwaliko wowote wa maana. Wa saa 2 na dakika 6 anajenga ghorofa. Dakika sita hizo zinauzwa. Kuna famasi, kuna mtu wa sindano, na kuna anayesema kila mtu anatumia. Sitetei pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu. Waliopigwa marufuku wamestahili, na walioibiwa zaidi ni waliokuwa nyuma yao kwenye msimamo. Rita Jeptoo alishinda Boston na Chicago mara mbili mbili, 2013 na 2014, na alikuwa kwenye mstari wa kupewa nusu milioni ya dola ya mfululizo wa marathoni kubwa, zawadi ambayo mshindi alichukua yote na wa pili aliambulia patupu. Ikagundulika EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki ya Rio, EPO. Ruth Chepng'etich aliyekimbia 2:09:56 Chicago mwaka 2024, mwaka uliofuata akakutwa na dawa ambayo hutumika kuficha nyingine, akakubali kosa, miaka mitatu nje. Rekodi yake imebaki vitabuni kwa kuwa kipimo kilichomkamata kilikuwa cha baadaye. Kila nikiona ile 2:09:56 najua pa kuiweka, nanyi mna haki ya kuweka mnapotaka.

Serikali ya Kenya imeweka sheria tangu 2016, imeweka wapimaji, imetenga fedha. Vizuri. Lakini ukiongeza askari bila kupunguza mteremko, unakamata watu wale wale kila mwaka kwa majina mapya.

Lipo lingine ambalo kwenye mihadhara ya michezo huwa linarukwa, na leo sitaliruka. Hela hii ikiingia mkononi mwa mwanamke, katika jamii ambayo ardhi na nyumba bado huandikwa kwa jina la mwanamume, inamwita hatari. Agnes Tirop, Septemba 2021, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao, 30:01. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Rebecca Cheptegei wa Uganda, mwanajeshi naye, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Alikuwa amenunua kiwanja na kujenga Trans Nzoia, upande wa Kenya, awe karibu na mazoezi. Wiki chache baada ya Paris alimwagiwa petroli akachomwa moto na mwanamume aliyekuwa mwenza wake, akafariki tarehe 5 Septemba. Ugomvi ulioripotiwa ulikuwa wa kiwanja hicho. Hela haikuwaua hawa. Waliuawa na watu. Lakini meneja, shirikisho na kampuni ya viatu wote walijua zinaingia kiasi gani, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza: dada, hati iko kwa jina la nani?

Mnataka nipendekeze. Sawa. Zile zawadi za Tokyo jumla yake ni dola 172,000 kwa kila mchezo wa mtu mmoja mmoja. Mpe wa kwanza 50,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000. Zimebaki 72,000. Zigawe kuanzia wa nne mpaka wa ishirini na nne, kila mmoja anaondoka na zaidi ya 3,000 kwa wastani. Bingwa bado ni bingwa, na bado ana wimbo wa taifa. Mmarekani Michael Johnson, bingwa wa zamani wa mbio, alijaribu kitu kinachofanana na hicho 2025 kwenye ligi yake ya Grand Slam Track: wa kwanza 100,000, wa mwisho 10,000. Wazo lilikuwa zuri, mfuko ulikuwa mtupu. Wanariadha wakadai miezi, na kabla mwaka haujaisha ligi ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Kwa hiyo weka fedha benki kwanza, ndipo utangaze.

Tena tusingoje wakubwa wa shirikisho la riadha la dunia kule Monaco. Siku hizi hapa kwetu kila wikendi kuna marathoni. Hata kilomita tano za kuchangia zahanati tunaziita marathoni. Fulana nzuri, mziki upo, mgeni rasmi yupo. Waandaaji, lipeni mpaka wa ishirini, wanawake sawa na wanaume, na lipeni siku ile ile kwenye akaunti ya mkimbiaji mwenyewe, siyo ya kocha wala ya mume. Nina vijana wanaodai zawadi za mbio ambazo mdhamini wake alishapiga picha na hundi ya karatasi ngumu akaenda zake.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Naona yule mzee wa nyuma kanyoosha mkono tangu nilipomtaja Ikangaa, tuanze na yeye.