Iacheni Transista, Shikeni Waya wa Kuongozea

Mwenyekiti, ahsante. Walimu, mafundi wenzangu, na nyie vijana wa mwaka wa tatu mliokaa karibu na mlango, karibuni. Wanaonijua wanajua nitasema nini leo, na wengine nawaona wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitanyamaza siku nikifungua redio iliyojengwa na vijana wetu nisikute rezista ya kilo-ohm 100 kwenye waya wa varakta, ile daiodi inayosogeza masafa kufuata volti unayoipa.

Mada iliyobandikwa mlangoni ni kupunguza kelele za fezi kwenye VCO, yaani osileta zinazoongozwa kwa volti, za masafa ya redio. Kelele zenyewe sizielezi, wote mmeziona kwenye spektra analaiza: mstari ulitakiwa usimame mwembamba, lakini chini umetanuka kushoto na kulia. Ninachouliza mimi ni nani aliyeutanua.

Jibu ninalopewa kila ninapokwenda ni transista. Fundi akiona kelele, safari ya Kariakoo. Anatafuta transista ya kelele ndogo, anaambiwa haipo, anaagiza nje, anasubiri mwezi mzima, inafika, anailehemu, anawasha, na kelele ziko palepale. Hapo atakwambia ameuziwa feki. Inawezekana, soko tunalijua. Lakini hata angeletewa kutoka kiwandani mkononi, hali ingekuwa ileile, kwa sababu transista haihusiki.

Maneno matupu hayavunji mfupa, twende kwenye hesabu. Mwaka 1966 Mmarekani David Leeson aliandika makala fupi katika jarida la Proceedings of the IEEE, na mpaka leo ndiyo tunayoanzia. Tuchukue VCO ya megahezi 145, bendi ya mita 2. Q, yaani ubora wa mzunguko wa koili na kapasita, ukiwa na mzigo wake tuseme ni 50. Nguvu miliwati 10, yaani dBm 10. Transista tuipe kelele za desibeli 10, maana ikifanya kazi kwa mawimbi makubwa haifanani na ile karatasi ya kiwandani. Kelele za joto ni dBm -174 kwa kila hezi. Ongeza 10 za transista, toa 10 za nguvu, toa 3 kwa kuwa nusu yake ndiyo inayokwenda kwenye fezi: -177. Sasa gawa 145 kwa mara mbili ya Q, unapata megahezi 1.45. Ukisimama kilohezi 10 kutoka katikati, uko ndani ya kiwango hicho mara 145, na hiyo inakuongezea desibeli 43. Jumla ni desibeli -134 hivi kwa kila hezi, ukilinganisha na wimbi lenyewe. Kelele za flika, zile zinazokua masafa yakishuka, nimeziacha makusudi, zitatupotezea muda. Kwa hiyo transista ya kawaida kabisa, na koili ya kusokota kwa mkono, inakuahidi -134.

Sasa njoo kwenye waya unaopeleka volti ya kuongozea kwenye varakta. Jamaa amejenga VCO moja anayotaka imalize kazi zote, kuanzia bendi ya ndege kule 118, ipite baharini kwenye 156, mpaka 174, na yote hiyo kwa volti 3 tu. Maana yake osileta inaruka karibu megahezi 20 kwa kila volti moja. Halafu kati ya varakta na kichujio cha lupu, ile PLL inayoifunga osileta kwenye osileta ya rejea, ameweka rezista ya kilo-ohm 10, ili mawimbi ya redio yasirudi kwenye lupu. Wazo zuri kabisa. Ila John Johnson wa Bell Labs alishatuambia tangu 1928 kwamba rezista yoyote iliyo na joto inapiga kelele. Hiyo ya kilo-ohm 10, hapa ukumbini, inatoa nanovolti 13 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi.

Mtu atasema nanovolti ni nini bwana, hata mita yangu haizioni. Zidisha kwa megahezi 20. Unapata robo ya hezi ya kuyumba. Gawa kwa kilohezi 10, gawa tena kwa kipeuo cha pili cha 2, chukua logi, zidisha 20: -95.

Naomba niandike ubaoni ili isije ikasemwa nimetia chumvi. Transista -134. Rezista ya shilingi chache -95. Desibeli 39 katikati yake, sawa na karibu mara 8,000 kwa nguvu. Kubadilisha transista hapo ni kama kubadilisha msemaji wakati kinachokoroma ni kipaza sauti.

Kuna siku niliitwa kwenye karakana moja, siitaji. Walikuwa na bodi ya kipokezi cha VHF, na kila gari lenye redio likipita barabarani karibu na masafa yao, kipokezi kilikuwa kiziwi. Walishanunua kichujio cha kristali cha bei mbaya. Transista ya VCO ilikuwa imebadilishwa mpaka shaba ya bodi imeanza kubanduka. Nikaomba kuona waya wa varakta, wakanionyesha transista. Nikaomba tena. Rezista ilikuwa ya kilo-ohm 100: kahawia, nyeusi, njano, imelala pembeni ya varakta kwa unyenyekevu mkubwa. Nikamuuliza kijana aliyeichora kwa nini 100. Akasema, mwalimu, kwenye mchoro wa zamani ilikuwa hivyo.

Pigeni hesabu wenyewe. Kilo-ohm 100 ni nanovolti 41. Kwa VCO ile ya megahezi 20 kwa volti, kwenye kilohezi 10 inakuja -85. Na analaiza yao ilionyesha hapohapo, ikikosea ni desibeli moja au mbili. Nikamwambia azime lupu, akate ule waya, alete betri ya volti 9 na potenshomita ndogo ya ohm 500, volti ipite kwenye choki, koili ya kuzuia mawimbi ya redio, badala ya rezista. Betri haina kelele za rejuleta, choki haina ukinzani wa kutajika. Masafa yakawa yanaelea polepole, kama ilivyo kawaida ya osileta isiyofungwa, lakini ule mstari ukanyooka. Ulishuka mpaka ukagota kwenye kelele za analaiza yenyewe, tukawa hatuipimi tena VCO, tunaipima mashine ya kupimia. Hilo nalo mlikumbuke: analaiza nyingi za bei nafuu kelele zao wenyewe kwenye kilohezi 10 haziko mbali na -100. Ukijisifu kwa -130 iliyopimwa kwa mashine ya namna hiyo, unatudanganya sisi na unajidanganya wewe.

Na kuhusu uziwi wao, chukueni hata ile rezista ya kilo-ohm 10. Kilohezi 25 kutoka katikati kelele zimeshuka hadi -103 hivi. Kipokezi kinasikiliza upana wa kilohezi 15, ongeza desibeli 42. Jirani yako wa chaneli ya pili anapunguzwa desibeli 61 tu, basi, hata ukinunua kichujio cha desibeli 90. Mawimbi yake yanachanganyika na kelele za osileta yako na kutua katikati ya chaneli yako, kichujio kinayapokea kwa heshima zote.

Najua yanayosemwa huko nyuma. La kwanza: rezista ile haipitishi mkondo, varakta imegeuzwa, kelele zitatoka wapi? Zinatoka kwenye joto. Mkondo uwepo usiwepo, elektroni hazilali. Kwenye mtihani wa mdomo wanafunzi wengi wanateleza hapa, na maprofesa wawili watatu ninaowajua, ila leo hawapo.

La pili ndilo linaloniudhi: PLL itasafisha. Itasafisha ndani ya upana wa lupu yake tu. Lupu yako ina upana wa hezi 500, kelele ziko kilohezi 10, nani atamfikia mwenzake? Basi naipanua lupu, anasema. Ipanue. Umesahau kwamba ndani ya lupu unarithi kelele za osileta ya rejea zikiwa zimezidishwa. Megahezi 145 kwa hatua za kilohezi 12.5 ni kugawa kwa 11,600, nayo ni desibeli 81 juu ya kelele za rejea na za kilinganishi cha fezi. Na zile hatua za kilohezi 12.5 zitaanza kuchungulia kwenye masafa yako kama vijimstari kila upande. Lupu ina kazi yake. Kufukia uchafu wa mwenye VCO si kazi yake.

La tatu lina akili kidogo: tuweke kapasita kubwa upande wa varakta, imeze kelele za rezista. Kilo-ohm 10 na nanofaradi 10 zinaanza kukata kwenye kilohezi 1.6, kwa hiyo kwenye kilohezi 10 utapata desibeli 16. Si haba. Lakini umeingiza ucheleweshaji mwingine ndani ya lupu, na usipoihesabu upya itaanza kuyumba, au itachukua nusu saa kufunga. Kama una kalamu na karatasi, fanya. Kama unabahatisha, acha.

Mimi nafanya hivi. Kwanza napunguza megahezi kwa volti. Redio ya mita 2 inahitaji 144 mpaka 146, basi. Megahezi 1 kwa volti inatosha na kubaki, ilimradi kapasita ya kudumu ifanye kazi kubwa na varakta iunganishwe kwa kapasita ndogo ya pikofaradi chache. Kutoka 20 kwenda 1 ni desibeli 26, bila kununua kitu. Unahitaji eneo kubwa? Gawa bendi vipande, uwashe na kuzima kapasita kwa daiodi za PIN, varakta ibaki na kazi ya kusawazisha tu. Halafu shusha rezista mpaka kilo-ohm 1, desibeli 10 nyingine. Tumetoka -95 tumefika -131. Sasa na transista iko -134, kwa hiyo leo tunaweza kukaa tukazungumza habari za transista kama watu wazima. Ukitumia choki badala ya rezista ni bora zaidi, ila iangalie isije ikapata masafa yake yenyewe humohumo ndani ya bendi ukaletewa osileta ya pili bure.

Na opampu ya kichujio cha lupu. LM358 iko kila duka, nami naipenda kwa kazi nyingine. Kelele zake ni kama nanovolti 40. Umetoa rezista ya kilo-ohm 100 mlangoni, umeirudisha kupitia dirishani. NE5534 ina kama nanovolti 4, na si ghali.

Waya wenyewe uwe mfupi, usipite karibu na transfoma. Nimeona bodi waya wa kuongozea umezungushwa kando ya transfoma ya umeme, halafu mtu ananiuliza mbona inanguruma hezi 50.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo sita, nimesema moja na nusu.

Haraka basi. Umeme wa kulishia osileta ni mlango wa pili wa kelele. Rejuleta ya 7805 ina kama mikrovolti 40 kati ya hezi 10 na kilohezi 100, wastani wa nanovolti 126. Kama osileta yako inasogea megahezi 1 kwa kila volti ya umeme, hiyo ni -101 kwenye kilohezi 10. Transista moja, rezista na kapasita kubwa kwenye besi vinamaliza tatizo. Utapoteza chini ya volti moja, usiililie.

Q ikiongezeka maradufu unapata desibeli 6, hivyo waya mnene, koili isiyobanwa na kuta za boksi, kapasita nzuri. Varakta mbili zikitazamana mgongo kwa mgongo hazisukumwi ovyo na mawimbi makubwa ya osileta yenyewe. Habari za flika kupandishwa kutoka chini, na umbo la wimbi linavyohusika, Hajimiri na Lee walizifanyia kazi mwaka 1998. Walimu wenu wawape somo zima, hapa dakika mbili hazitoshi. Koili inayotikisika ikandamizeni kwa nta.

Na wale wenye nafasi kwenye bodi, endesheni VCO mara 4 ya masafa mnayotaka, kisha mgawe kwa 4. Kelele zinashuka desibeli 12, mpaka zitakapokutana na kelele za kigawanyi chenyewe. Megahezi 580 inazaa koili ndogo, na Q si mbaya.

Nimemaliza, mwenyekiti. Analaiza, betri na choki viko pale mezani. Aliyekuja na bodi yake ailete, tuanze kwa kukata ule waya.